Kipimo kimo mkononi mwa mama mkwe

SWALI: Shikamoo bibi. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa South Carolina, huu mwaka wa sita. Mume wangu alisilimu kabla hatujaoana, lakini mama yake ni Mbaptisti wa visiwani, ana miaka 79, na ni mpishi ambaye kanisani kwao sherehe haianzi bila yeye. Ana kibati cha kadi za mapishi ya mama yake na bibi yake. Nikimuuliza unga kiasi gani, ananijibu, "Mpaka uone umekaa." Mkate wake wa mahindi nimeujaribu mara nne, wangu unatoka mkavu na kupukutika kama mchanga. Mboga zake za majani siwezi kuzila kwa sababu ya nguruwe. Mikono yake imeanza kutetemeka, nami naogopa haya yote yataondoka naye. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako imenirudisha mwaka wangu wa kwanza Savannah, Georgia. Nilitoka Unguja nikijihesabu mpishi, nikaingia jiko la watu wenye mchele, kunde, bamia, ufuta, kaa na kamba, vitu vyote ninavyovijua tangu utotoni, na bado sikuweza kupika sufuria moja ikafanana na yao. Nimekaa miaka 22 katika majiko ya pwani ya Georgia na South Carolina. Nitakujibu kwa niliyoyaona huko, na swali lako la mwisho, la wapi pa kuanzia, nitalijibu mwisho.

Kwanza nikuondolee shaka moja ambayo hukuiandika lakini nimeisikia kwa wake wengi wa vijana: mama mkwe wako hakufichi kitu. "Mpaka uone umekaa" ni jibu kamili. Bibi yako Tanga ukimuuliza wali wa nazi unataka tui kiasi gani, atakujibu vivyo hivyo, na atakuwa amesema kweli. Nazi hii ina tui zito, ile jepesi. Mchele wa zamani hunywa maji kuliko mchele mpya. Anayepima kwa macho anaufuata unga wa siku hiyo, hali ya hewa ya siku hiyo, moto wa siku hiyo. Shida ni kwamba macho hayo bado huna wewe, na hayaandikiki kwenye kadi.

Kwa hiyo usianze kwa kuandika. Anza kwa kupima bila yeye kusumbuka. Nunua mizani ndogo ya jikoni ya dijitali, inayosoma gramu. Siku mtakayopika, fika mapema. Pima mfuko wa unga kabla hajaugusa, andika. Pima chupa ya maziwa, kopo la mafuta, chombo cha chumvi, hata mayai. Kisha mwache apike anavyopika siku zote, kwa kiganja, kwa kikombe chake kilichovunjika mkono, kwa kijiko chake cha mbao. Akimaliza, pima tena mfuko, chupa, kopo na chombo. Kilichopungua ndicho alichotia. Usithubutu kumsimamisha katikati ili uweke kikombe chini ya mkono wake. Mpishi wa namna hiyo ukimkatiza hupoteza mwendo, huanza kufikiri, na anachokitia akiwa anafikiri sicho anachokitia siku zote.

Fanya hivyo mara tatu, siku tatu tofauti. Namba hazitalingana, na usihuzunike, maana hapo ndipo somo lilipo. Utakuta siku moja unga umezidi kwa gramu 40, na maziwa nayo yamezidi. Siku nyingine vyote vimepungua. Kisichobadilika ni namna uji wa mkate unavyodondoka kutoka kijikoni. Huo mdondoko ndio anaouita "kukaa". Uangalie, upige picha ya video ukiweza, halafu uandike kwa maneno yako: unadondoka kama uji wa mgonjwa, au kama uji wa ulezi uliopoa, au kama unga wa vitumbua. Kwenye daftari lako maneno hayo yatakufaa kuliko gramu.

Pima na vyombo. Kikaango chake kina upana gani kutoka ukingo hadi ukingo, kina gani, kizito kiasi gani? Kikaango cha chuma kizito cha sentimita 25 na cha sentimita 20 havitoi mkate mmoja kwa uji ule ule. Hata kile kikombe kilichovunjika mkono, kijaze maji uyapime. Edna Lewis, mpishi mkubwa aliyezaliwa mwaka 1916 huko Freetown, Virginia, kijiji ambacho babu yake na wenzake waliotoka utumwani walikianzisha, alisimulia kwamba wanawake wa kwao walipima beking pauda kwa kuirundika juu ya sarafu. Sarafu ilikuwa kijiko chao, nayo haikuwadanganya. Yeye mwenyewe aliijua keki iliyoiva kwa kuitegea sikio: ikiwa bado inachemka na kutoa sauti ndani, haiendi mezani, inarudi ovenini. Nimeifanya miaka mingi na inafanya kazi. Kwa hiyo mama mkwe akiinama karibu na keki, usidhani anainusa tu.

Sasa mkate wako. Hukuniambia unatumia unga gani, na huko ndiko ninakoshuku kwanza. Mifuko mingi ya unga wa mahindi inayouzwa Kusini mwa Marekani huwa imeshatiwa beking pauda na chumvi, na mingine ngano kidogo. Mama mkwe akisema "unga", anamaanisha mfuko ule anaoununua yeye miaka 40 sasa. Ukifuata mkono wake ukitumia unga mtupu, mkate unalala chini na kuwa mgumu. Ukichukua uliotiwa ukaongeza tena, unapanda kwa pupa, unaanguka, na huo ndio unaopukutika. Nenda kabatini kwake ukapige picha ya mfuko, mbele na nyuma. Usimuulize, maana kwake ni unga tu.

Jambo la pili unalijua tangu Tanga, ila kwa majina mengine. Unga mwingi wa viwandani umetolewa kiini na ganda, kama sembe. Unga uliosagwa kwa mawe na kiini chake, kama dona, una mafuta yake mwenyewe, na mafuta hayo ndiyo yanayoufanya mkate uwe na utamu na unyevu bila sukari. Wazee wa Kusini walikulia kwenye unga wa namna hiyo, uliosagwa kwenye vinu vya maji. Utafute uliosagwa kwa mawe, mweupe kama mama mkwe anatumia mweupe, na uuweke kwenye friza, maana kama dona, haukai.

Jambo la tatu ni maziwa. Kadi yake itasema "buttermilk", na nimeona dada zetu wengi wakitia maziwa ya kawaida. Hayo ni mtindi. Neno letu mtindi, kwa asili, ni yale yale: maziwa yanayobaki baada ya kusukwa na kutolewa siagi. Ya dukani siku hizi ni maziwa yaliyochachushwa kwa bakteria, lakini ukali ule upo, na ukali ndio unaoiamsha beking soda. Soda bila ukali haiumui, inaacha tu ladha ya sabuni. Nusu kijiko cha chai cha soda inatosha kikombe kimoja cha mtindi. Ukikosa, chukua maziwa mgando uyalegeze kwa maziwa ya kawaida mpaka yamiminike.

Mkate ninaoupika mimi uko hivi, uutumie kwa kujifunzia tu wakati unasubiri kuupata wa kwake. Loweka vikombe 2 vya unga wa mahindi mweupe mtupu, kama gramu 280, ndani ya vikombe 2 vya mtindi, uuache dakika 15. Hapo ndipo ukavu unapokwisha, kwa sababu punje za mahindi hunywa polepole, na zisipokunywa bakulini zitakunywa ovenini na kukuachia mchanga. Wakati unaloweka, weka kikaango kitupu ndani ya oveni ya nyuzi 230 za Selsiasi, ambazo kwenye oveni ya huko ni 450. Ukikaribia, tia ndani ya kikaango vijiko 3 vya kulia vya mafuta, ukirudishe dakika 3. Kwenye uji tia mayai 2 yaliyopigwa, kijiko 1 cha chai cha chumvi, kijiko 1 cha chai cha beking soda. Koroga kwa haraka, mimina robo tatu ya mafuta ya moto ndani ya uji, koroga tena mara mbili tatu, kisha uji wote umimine kwenye kikaango. Lazima usikie ukipiga kelele. Usiposikia kelele, kikaango hakijapata moto na ganda hutalipata. Dakika 20 hadi 25, ukiona kingo zimeachana na chuma, utoe na kuupindua pale pale.

Mafuta ya bekoni ndiyo ya asili. Wewe tia samli. Nimejaribu siagi, inaungua kwenye moto huo. Mafuta ya alizeti hayana harufu. Samli safi inavumilia moto na inaleta harufu ya kokwa ambayo bibi mmoja wa Georgia aliipenda hata akaniomba kopo.

Kuhusu sukari, utasikia watu wakigombana kweli kweli. Wapo wanaoapa kwamba mkate wa mahindi wenye sukari na ngano ni keki, na wapo, familia nyingi za Weusi zikiwemo, ambao bila sukari kidogo hawaoni ladha. Mimi niko upande wa wasiotia. Lakini upande wangu haukuhusu. Mkate wa nyumba hiyo ndio wenye haki katika nyumba hiyo, nawe usiupime kwa mapishi ya mtandaoni.

Tuje kwenye kile kibati. Kadi za zamani zina lugha yake, na maneno yake mengine yanapotosha hata Wamarekani vijana. "Sweet milk" si maziwa yenye sukari. Ni maziwa ya kawaida yasiyochacha, yakitofautishwa na mtindi. Mwanafunzi wangu mmoja alitia maziwa ya kopo yenye sukari kwenye mkate wa chumvi kwa kulisoma neno hilo vibaya. "Oleo" ni majarini. "Siagi ya ukubwa wa yai" ni kama gramu 55 hadi 60, na "ya ukubwa wa jozi", lile tunda lenye ganda gumu, ni nusu ya hiyo. Oveni "ya polepole" ni nyuzi 150 hadi 160 za kwetu, "ya wastani" ni kama 180, "ya haraka" ni 200 kwenda juu. "Gill" ni nusu kikombe. Kikombe chao ni mililita 237, ilhali vikombe vya kupimia tunavyonunua kwetu mara nyingi ni 250, na kwenye keki tofauti hiyo inaonekana. Kipande kimoja cha siagi cha huko, wanachokiita fimbo, ni gramu 113. Ukikuta kopo limetajwa kwa namba, namba 2 ni kama vikombe viwili na nusu, na 303 ni kama viwili.

Na "biscuit" ya kwenye kadi hiyo si biskuti ya pakiti. Ni mkate mdogo laini wa tabaka, na siri yake ni ngano. Ngano ya Kusini ni laini, ina protini chache, ndiyo maana wazee hawataki unga mwingine isipokuwa ule waliouzoea. Kwa wengi ni White Lily, ulioanza Knoxville, Tennessee, mwaka 1883. Unga mgumu, ule unaovutika vizuri kwenye chapati, ukiutumia hapo utapata mawe. Nilipata mawe mwaka mzima kabla sijaambiwa.

Mboga za majani. Hapa nina habari ya kukufurahisha, mwanangu: hizo "collards" ni sukuma wiki. Jamii ile ile, ila majani yao ni mapana na mazito zaidi. Kinachotutenganisha ni moto. Kwetu tunakatakata nyembamba, kitunguu, nyanya, dakika chache, tunaepua mboga bado kijani. Wao wanaanza na supu ya nyama iliyokaushwa kwa moshi, kisha wanaichemsha mboga saa nzima au zaidi mpaka ilegee na kuyeyuka ulimini. Mara ya kwanza niliona ni kuharibu mboga. Kisha nikapewa ile supu yake kwenye kikombe, wanayoiita "pot likker", pamoja na kipande cha mkate wa mahindi, nikaelewa kwamba supu ndiyo chakula na majani ni kitoweo chake. Wazee husimulia kwamba zamani za utumwa majani yalikwenda meza ya bwana na supu ikabaki jikoni, na waliobaki nayo walipata virutubisho vilivyochemka kutoka kwenye jani. Namna ya kuila ni jambo zito huko. Mwaka 1931 gavana wa Louisiana, Huey Long, alibishana magazetini na mhariri wa Atlanta, Julian Harris, kama mkate unachovywa ndani ya supu au unavunjwavunjwa humo. Hadi leo kila nyumba ina msimamo wake, uulize wa kwenu.

Nguruwe isikutishe. Katika majiko ya Weusi wa Kusini, bata mzinga aliyekaushwa kwa moshi alishachukua nafasi ya kwato na paja la nguruwe kwenye nyumba nyingi, wengine kwa sababu ya presha, wengine kwa sababu ya dini, maana Waislamu Weusi wa Marekani si wa jana. Mama mkwe wako hatashangaa. Tafuta bucha ya halali inayouza bawa au shingo ya bata mzinga ya moshi. Ichemshe yenyewe saa moja na nusu mpaka maji yapate rangi na nyama iache mfupa. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanatia nyama na mboga pamoja, mboga inaiva ndani ya maji matupu. Osha majani maji matatu, yana mchanga. Toa mishipa minene, sokota majani, kata vipande vipana, tia kwenye supu pamoja na kitunguu, pilipili kavu na chumvi kwa uangalifu, kwa kuwa nyama ina chumvi yake. Dakika 45 onja, endelea mpaka saa na nusu kama ndivyo apendavyo. Siki kidogo mwishoni. Ukikosa nyama ya moshi ya halali, choma mifupa ya ng'ombe ovenini mpaka iwe kahawia, ichemshe, na mboga ikishaiva weka kibakuli cha chuma juu yake chenye kaa la moto, dondoshea samli, funika dakika tano. Wahindi wa pwani yetu wanaifukiza nyama hivyo, na mboga nayo inakubali.

Ila usiipike kwako ukampelekea kama mwanafunzi anayemsahihisha mwalimu. Mpelekee sufuria ikiwa bado haijakamilika, umwambie, "Mama, imepungukiwa, sijui nini." Ataonja, ataongeza siki au pilipili au sukari chembe, na tangu siku hiyo sufuria isiyo na nguruwe itakuwa yake, si yako.

Umesema yeye ni wa visiwani. Basi jua kwamba umeolewa kwa Wagullah, Weusi wa visiwa na pwani ya huko, na jiko lao si jiko la "Kusini" kwa jumla, kwa sababu kitu hicho kimoja hakipo. Watu wa milima ya Appalachia wana maharage na mkate wa mahindi, Louisiana ina gumbo, mchuzi wake mzito, na pwani ya kwenu ni ya mchele. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 17 watu wa Afrika Magharibi, kutoka Senegambia hadi Sierra Leone, waliletwa pwani hiyo kwa minyororo, na ujuzi wao wa mpunga pamoja na jasho lao vikautajirisha mji wa Charleston. Mbegu yenyewe, iitwayo Carolina Gold, ilikaribia kupotea kabisa katika karne ya 20, mpaka daktari wa macho wa Savannah, Richard Schulze, alipoirudisha shambani Hardeeville miaka ya 1980. Leo unaweza kuinunua. Ni ghali, lakini mara moja kwa mwaka mpikie mama mkwe, uone atakavyonyamaza.

Sikiliza na maneno yake. Ufuta wanauita "benne", na watu wa Afrika Magharibi wanaosema Kiwolofu wanalijua neno hilo. Vibiskuti vyao vyembamba vya ufuta vitakukumbusha kashata. Karanga huko Kusini waliziita "goober", kutoka nguba ya Kikongo, na msomaji wetu yeyote wa Kinshasa hadi leo ananunua nguba sokoni. "Gumbo" ni jina la bamia lililotoka lugha za Kibantu za Angola. Na akikuambia anapika "perlo", usiulize ni nini: ni pilau. Neno ni lile lile lililofika Unguja na Mombasa kwa jahazi, ila kwao limefika kwa njia nyingine, na chakula chenyewe ni wali uliopikwa ndani ya supu ya kuku au kamba mpaka kila punje isimame peke yake. Wewe mtoto wa Tanga umezaliwa unakijua chakula hicho. Mpikie pilau ya nyumbani kwenu siku moja, kabla ya kumwomba chochote zaidi. Nilipofanya hivyo, bibi ambaye kwa miezi minane alikuwa akinijibu kwa neno moja moja alivuta kiti.

Kunde na wali wa mwaka mpya, "hoppin' john", utaupata kwenye kadi zake bila shaka. Kitabu cha mapishi kilichochapishwa mwaka 1847 na bibi wa tabaka la juu wa Charleston kinaagiza pauni moja ya bekoni, painti moja ya kunde nyekundu na painti moja ya mchele. Majiko ya nyumba kama yake yaliendeshwa na watumwa, kwa hiyo ukisoma kipimo hicho fikiria ni mkono wa nani hasa uliokuwa kwenye sufuria. Angalia pia: kunde nyekundu ndogo, si zile nyeupe zenye jicho jeusi ambazo sehemu nyingine nyingi za Kusini wanatumia. Chemsha kunde ndani ya supu ya bata mzinga mpaka ziive bila kupasuka, toa supu uipime, tia kikombe 1 cha mchele ulioosha kwa vikombe 2 vya supu, rudisha kunde, funika, moto mdogo, usifunue. Unaliwa tarehe 1 Januari pamoja na mboga za majani, kunde zikiwa bahati na majani yakiwa pesa. Usiikose siku hiyo mezani kwake, hata kama unaamini vingine. Ni siku ambayo atasimulia.

Na masimulizi nayo yanakiliwe. Mwaka 1881 huko San Francisco kilitoka kitabu cha mapishi cha Abby Fisher, mwanamke aliyezaliwa utumwani South Carolina. Yeye na mumewe hawakujua kusoma wala kuandika, hivyo alisema, na wengine wakaandika. Mapishi yake yamebaki kwa njia hiyo. Lakini walioandika walisikia kwa masikio yao: chakula cha mahindi na maharage kiitwacho "succotash" kimeandikwa humo "Circuit Hash". Ndiyo maana nakwambia usiandike tu, rekodi sauti. Weka simu mezani, iache ifanye kazi tangu mnaosha mikono. Neno usilolielewa, litasikilizwa tena baadaye na mume wako au shangazi yake.

Na umri usikukatishe tamaa. Emily Meggett wa kisiwa cha Edisto, bibi wa Kigullah aliyepikia familia na majirani maisha yake yote bila kikombe cha kupimia, kitabu chake kilitoka mwaka 2022 akiwa na miaka 89. Alifariki mwaka uliofuata. Ilibidi watu wakae naye na kugeuza mkono wake kuwa vijiko na vikombe, chakula kimoja baada ya kingine. Kilimsubiri, na yeye alikisubiri. Mama mkwe wako ana miaka 79.

Kwa ile mikono inayotetemeka: sasa wewe uwe mikono. Mweke kwenye kiti karibu na jiko, sufuria ikiwa usawa wa macho yake, naye aseme, wewe utende. Akisema "hapana, si hivyo", usijitetee, uliza "umeona nini ambacho mimi sikukiona?" Hapo atalazimika kukitafutia maneno kitu ambacho kwa miaka 60 hakikuhitaji maneno. Muulize nani alimfundisha, walitumia nini siku ambazo hakukuwa na mayai, chakula gani alikiacha kupika na kwa nini. Andika tarehe. Kisha upike peke yako, umpelekee, akikataa upike tena. Mimi kwa bibi yule wa Savannah ilikuwa mara ya tisa ndipo aliporamba kijiko na kukirudisha sufuriani bila neno.

Ulipoanza uliuliza uanzie wapi. Jumamosi hii mwombe kile kibati. Usipanguse wala kunyoosha kitu. Piga picha kila kadi pande zote mbili, kwa mpangilio ule ule uliozikuta, maana nyuma ya kadi kuna majina, tarehe na hesabu za sukari. Halafu zitandaze mezani utafute ile iliyochafuka kuliko zote, yenye madoa ya mafuta, kona zimeliwa, maandishi yamefutika pale kidole kinaposhika. Hiyo ndiyo iliyopikwa zaidi. Anza na hiyo.